Nilivyolilia Goti la Tumasi

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Kwa heshima zote naomba kuutangazia ukoo wetu wa Mandawa, pamoja na wakwe zetu wa Naipingo, kwamba mdogo wako sasa ni mtu mwenye cheo. Timu ya mpira ya kijiji imeniteua kuwa mtunza jezi. Nafua, naanika, nakunja. Hakuna aliyepinga uteuzi huo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi.

Baada ya tangazo hilo, mgongo wako vipi? Umepoa, au bado unalalamika ukiinama kuokota korosho? Na ufuta, mliuwahi kabla ng'ombe wa wale majirani waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa hawajaupitia? Sisi ni wazima. Wifi yako Marjun anaendelea na uuguzi wake, nami bado niko kiwanda cha samaki. Mvua ya hapa Visiwa vya Faroe, huku kaskazini mwa Ulaya, haina masika wala vuli. Inanyesha kama mtu anayesimulia jambo asilojua litaishia wapi. Taifa lenyewe dogo, ungeweza kulihamishia Nachingwea lote na pa kuegesha baiskeli pakabaki.

Uliniuliza kwenye simu huyu Tumasi ni nani, maana namtaja kuliko ninavyomtaja mke wangu. Ni mshambuliaji wetu. Wenyewe wanaandika Tummas. Mchana anasimama kushoto kwangu tukichuna samaki, jioni anavaa jezi niliyofua mimi. Alizaliwa hapa hapa, nyumba ya mwisho kabla ya bahari, akajifunza mpira kwenye kiwanja cha changarawe, ambako ukianguka unaondoka na ramani mguuni. Alipokuwa kijana timu moja ya Denmark ilimchukua. Alikaa benchi mpaka benchi likamzoea, akarudi nyumbani, watu wakasema huyo ameisha. Badala yake akafunga mabao mwaka baada ya mwaka, akaitwa timu ya taifa, akacheza na nchi ambazo uwanja wao mmoja unaweza kulimeza taifa hili. Mara nyingi walifungwa. Siku moja walishinda, na bao lilikuwa lake. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye meza ya samaki kama kawaida, ananiambia kisu changu butu.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha. Baba yake, mzee Jakup, maisha yake yote alikuwa kwenye meli za uvuvi. Mabao ya mwanawe aliyasikia redioni akiwa baharini. Kwa macho hakuwahi kuona hata moja. Sasa mzee amestaafu na macho yanafifia. Tumasi akasema huu ndio msimu wake wa mwisho, na kabla hajatundika viatu anataka baba amwone akifunga. Msimu haujafika mbali, goti likaachia.

Akarudi kiwandani na magongo. Watu wa huku, dada, heshima yao ni kukaa kimya. Mtu akipata tatizo wanamzunguka kama wanavyozunguka shimo. Wiki zikapita hakuna anayelitaja goti, na Tumasi anazidi kukauka. Mimi nikashindwa kuvumilia. Unakumbuka msiba wa baba, mtani wetu alivyolala mlangoni akidai koti la marehemu, mama akacheka na machozi yakiwa usoni? Basi nikajiteua mtani wa Tumasi bila kumuuliza. Wakati wa chai nikajitupa sakafuni mbele ya goti lake, na aproni yangu ya kuchunia samaki, nikaangua kilio: marehemu alikuwa goti jema, ametuachia mguu mjane, na viatu navirithi mimi.

Msimamizi akaja kuniuliza kama nimeteleza. Nilipofika nyumbani Marjun alikuwa ameshazipata habari, akafunika uso kwa mikono. Akaniambia huku jeraha la mtu halichezewi. Lakini nilikuwa nimeshapata jibu langu pale pale chini. Tumasi aliegemeza magongo mezani, akasema, "Viatu hivyo utavifanyia nini? Mpira ukikujia unaukimbia."

Nikajua nimepata mtani. Tangu siku hiyo kila asubuhi namuuliza mazishi lini, naye ananijibu wanangoja tumbo langu lipungue, nipate kupita mlangoni na jeneza. Huku tunacheka akaanza mazoezi. Sasa kiwanda kizima kinaniita Mtani. Neno letu hilo, dada, wanalitamka kama wana kiazi cha moto mdomoni, na mimi natembea kifua mbele.

Nisalimie shemeji, mumeo mvumilivu. Msalimie shangazi wa Chunyu anayesema nimeolewa na baridi, na kaka mkubwa huko Nachingwea, fundi baiskeli asiyepokea simu. Marjun anakuamkia.

Sasa ukweli wa lile bao la Tumasi, maana najua mpwa wangu Zuhura ameshakuonyesha picha kwenye simu na kukuambia mjomba wake ndiye mwalimu wa timu. Sikumfundisha mtu. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Huku watu wanaegesha magari kwenye mteremko ulio juu ya uwanja, wanatazama mpira wakiwa ndani kwa sababu ya mvua, na bao likiingia wanapiga honi. Mzee Jakup alikuwa kwenye gari lake. Tumasi aliingizwa mwishoni kabisa. Kona ikapigwa, akateleza, mpira ukamgonga lile goti bovu ukaingia. Gazeti limeandika ni bao la mshambuliaji mzoefu. Lilikuwa bao la utelezi. Honi zikalia mpaka kondoo wakakimbilia mlimani. Gari moja halikulia.

Mechi ilipoisha mimi na Tumasi tulipanda mteremko hadi kwenye gari hilo, nami nimebeba furushi langu la jezi chafu. Mzee akashusha kioo kilichojaa ukungu.

"Sikuona," akasema. "Nilikuwa nafuta kioo."

Tumasi alisimama kwenye mvua, maji yanamchuruzika puani. Halafu akainama dirishani.

"Basi, baba, itabidi nicheze mwaka mmoja zaidi. Na wewe utafute kitambaa cha maana."

Sikuwahi kumsikia akimtania baba yake. Mzee aliweka kiganja kwenye honi, akaibonyeza, na hakukiondoa.

Ni mimi mdogo wako,
Selemani