Hodi ya Mwanasiti

Jumamosi. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijanyamaza vizuri. Mie nimenuna tangu asubuhi, na humu daftarini sitajifanya vingine.

Bweni la wasichana la makao yetu ya watoto linavuja tena. Tuliwaomba wafadhili mabati, wakatuletea mipira. Sina neno na mipira, watoto waliifurahia mpaka ikapasuka, lakini nyumba haiezekwi kwa mipira. Leo sufuria zote zilikuwa sakafuni zikikinga matone, na uji ukachelewa kwa kukosa chombo cha kuupikia.

Hayo nimeyazoea. Lililoniuma ni la Mwanasiti.

Ni mtoto wa miaka sita hivi. Aliletwa hapa Msambweni kutoka upande wa Vanga, baada ya nyanya aliyemlea kufariki. Tangu afike, haingii popote bila kupiga hodi. Jikoni, hodi. Hata bwenini, penye kitanda chake mwenyewe, husimama kizingitini mpaka mtu amwitikie. Nami nikawa namsifu mbele ya wenzake: tazameni adabu hiyo, nyinyi mnaoingia kama mbuzi!

Leo asubuhi alitoka kwenda choo cha nje. Aliporudi akakuta tumerudishia mlango wa bweni kwa sababu ya mvua. Sisi ndani tulikuwa tunahamisha magodoro, na kwa kishindo kile cha bati humsikii hata aliye ubavuni mwako. Akapiga hodi mara tatu. Hakuna aliyeitika. Basi akafuata alivyofundishwa na nyanya yake: hodi tatu zisipojibiwa, unageuka unaondoka.

Lakini aondoke aende wapi?

Nilimkuta kwenye ngazi amejikunyata, gauni limemganda mwilini, midomo inatetemeka. Wallahi nilimfokea, kwa hofu tu. Mlango haukufungwa, mbona hukusukuma?

Akanijibu polepole, "Wenyewe hawakunikaribisha."

Wenyewe!

Neno hilo limenikaa kifuani kutwa nzima. Nilimfunika blanketi moja lililobaki kavu, nikampa chai ya tangawizi, na homa haikumpata, alhamdulillahi. Lakini tunahangaikia paa, sabuni na maharage, kumbe mtoto anaishi humu kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mie nikaiita adabu.

Baada ya Magharibi mvua ilipungua, nikaenda bwenini. Mwanasiti alikuwa ameketi kitandani kwake. Mlango ulikuwa wazi, lakini nikasimama kizingitini, mie mwenye funguo za nyumba nzima, nikapiga hodi. Wasichana wengine wakacheka, wakataka kuitika. Nikawanyamazisha.

"Hodi kwa Mwanasiti," nikasema.

Nikapiga ya pili. Akageuka kutazama nyuma, kama vile kuna Mwanasiti mwingine. Nikapiga ya tatu, ya mwisho. Isipojibiwa ningelazimika kuondoka.

"Karibu, Mama Saumu." Akajisogeza kunipisha nafasi, kisha akanyoosha kidole sakafuni. "Lakini pitia huku. Kwetu hapo panavuja."