Dawa Niliyomkatalia Mama Raheli

Jumapili jioni, Beechmont, hapa Louisville. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyolowanisha wala kukatika. Nimejikunyata kwenye kochi na soksi za mume wangu, mwili umechoka, moyo mweupe kabisa.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni mfamasia. Kwa miaka nilisimama nyuma ya kaunta nikitoa dawa zilizoandikwa na wengine. Mwaka huu niko kwenye mafunzo ya baada ya shahada, kwenye kliniki moja upande wa Iroquois, ili na mimi niweze kuandika. Nianzishe dawa ya presha au ya sukari, niongeze dozi, nipunguze, kwa makubaliano na madaktari wa pale. Kwa sasa kila ninachoandika lazima daktari msimamizi wangu akipitie kwanza.

Jana wanafunzi wote wa mafunzo haya tulikutana mjini Columbus, jimbo la Ohio. Tulitakiwa kusimulia, mmoja mmoja, uamuzi wetu wa kwanza kwa mgonjwa. Mmoja alianzisha insulini. Mwingine alikuta dawa mbili zinazogombana akazitenganisha. Zamu yangu ilipofika nikatamani kwenda chooni.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kumwondolea mtu dawa.

Dada yangu Konsolata, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda, kule Buffalo, alicheka nusura aangushe simu nilipomwambia. "Miaka yote hiyo shuleni, mdogo wangu, ndiyo ukaandike 'hapana'?" Huyu ndiye aliyewatangazia kiwanda kizima kwamba mdogo wake anakuwa daktari wa dawa. Nampenda, ila mdomo wake hauna breki.

Sasa Mama Raheli. Jina si lake. Ameniruhusu nimwandike hapa kwa sharti moja, nisitaje umri wake. Ni mama wa Kikongo kutoka milima ya Kivu Kusini, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko yeye. Alikuja kliniki na alama ya kuchubuka shavuni. Alikuwa ameanguka jikoni kwake, na wiki iliyotangulia nusura aanguke kwenye ngazi za kanisa. Nikampima presha ameketi, ikawa sawa. Nikampima amesimama, ikaporomoka, na yeye akashika ukingo wa meza yangu.

Alikuwa anameza dawa tatu za presha. Tangu aandikiwe alikuwa amekonda, na hakuna aliyezitazama upya. Moja ilikuwa imezidi. Angeanguka tena akavunjika nyonga, kicheko kile tungekisikia hospitalini, kama tungebahatika kukisikia. Msimamizi wangu akakubali. Nikamweleza Mama Raheli taratibu, kwa Kiswahili, nikijisikia mtu wa maana sana.

Akanitazama kama nimemwibia.

"Bon, mutoto yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. "Unaondoa dawa yangu. Donc mi narudi ku nyumba mikono mitupu?"

Nikamwambia ndiyo, mama, ni kwa faida yako. Akaniitikia kwa adabu zote, akaondoka. Nami nikabaki najipongeza.

Wiki iliyofuata nikampigia. Kizunguzungu kipo vilevile. Nikahangaika, nikafungua vitabu, nikawaza labda ni moyo, labda ni damu. Nilikuwa tayari kumwagizia vipimo lukuki. Kisha nikajiuliza swali moja la kijinga, nikampigia tena.

"Mama, vile vidonge nilivyokwambia uache, uliviweka wapi?"

Akanijibu kwa sauti ya chini: "Biko mu mukebe."

Vilikuwa kwenye mkebe wa biskuti, na aliendelea kuvimeza kila asubuhi kama kawaida. Atupe dawa? Yeye, aliyekimbia na watoto mgongoni akafika mahali ambapo zahanati ilifunguliwa asubuhi na kufikia mchana rafu zikawa tupu? Hilo sikuliwaza. Mimi ndiye niliyepaswa kulijua kuliko mtu yeyote kliniki nzima. Nimekulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na mama yangu alikuwa na fundo la kanga lenye vidonge vya kila rangi, akiba ya siku mbaya. Jirani akiumwa, fundo linafunguliwa. Kwetu ukitoka zahanati bila kitu mkononi, maana yake hawakukujali.

Nilikuwa nimemwambia jambo la kweli na kumfukuza kwa wakati mmoja. Iliniuma, kusema kweli. Nililia kidogo garini.

Basi nikamwomba arudi, aje na mkebe. Nikazungumza na msimamizi wangu, na safari hii nikaandika kitu: mashine ya presha ya kupimia nyumbani. Nikaifunga mwenyewe mkononi mwake, nikamwonyesha kitufe, tukapima ameketi, tukapima amesimama. Nikamwomba anipigie kila asubuhi anisomee namba. Yeye ananipa vidonge vya mkebeni, mimi nampa mashine. Kisha akamimina vidonge mezani, vyote, akarudisha mkebe kwenye mkoba ("huu ni wangu") na kuondoka amekumbatia boksi la mashine kifuani.

Akapiga simu kila asubuhi. Namba kwanza, kisha habari za wajukuu, kisha maombi kwa ajili yangu. Presha ikatulia. Kizunguzungu kikaisha. Hajaanguka tena.

Hayo ndiyo niliyoyasema Columbus jana. Nilipofika kwenye mkebe walicheka, na mimi nikacheka. Njiani kurudi Louisville nikawa bado najiuliza kama ni jambo la kujivunia, maana aliyeanzisha insulini alipigiwa makofi mengi zaidi.

Leo kanisani, baada ya ibada, Mama Raheli akanishika mkono mbele ya kina mama wenzake na kunisimamisha katikati yao.

"Njo huyu," akatangaza. "Njo huyu mutoto alinikatalia dawa, nikapona!"

Nikaona aibu, nikaona raha, sikujua nianze na ipi. Mama aliyekuwa pembeni yake akafungua mkoba wake taratibu, akachungulia ndani, akatoa mfuko wa plastiki uliojaa vichupa vya dawa hadi mdomoni. Akaniwekea mikononi.

"Na hizi zangu, binti yangu?"

Nimemwambia aje kliniki kesho asubuhi. Nimempigia Konsolata kumsimulia, na kwa mara ya kwanza maishani hakunitania. Aliuliza polepole kama naweza kuangalia na dawa zake yeye.