Siagi Iliyokataa Kutoka

Kambi ya Wachimba Handaki,
Senja.
30 Julai

Mpendwa Dada Ragnfrid,

Pokea salamu zangu kutoka huku kaskazini. Hamjambo huko bondeni? Mama analala vizuri siku hizi? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Daktari amerudia kusema kwamba hayatavumilia majira mengine ya baridi kwenye mwamba unaochuruzika maji.

Ndiyo maana nililitamani sana jiko. Mpishi wetu ameondoka, na msimamizi, mama mmoja aitwaye Halldis, alisema atakayepika vizuri uji wa malai wa sikukuu ya Mtakatifu Olav ndiye atakayebaki jikoni.

Dukani kulikuwa na malai yaliyochacha ya aina mbili. Mwenye duka alinifungulia yote, nikayapima kama apimavyo Mama, kwa kusimamisha kijiko. Kwenye ya kwanza kijiko kililala. Kwenye ya pili kilisimama wima kama nguzo, nikachukua hayo, ndoo mbili. Kiasi cha mafuta kiliandikwa kwenye kifuniko, sikusoma. Kumbe yametiwa wanga ili yawe mazito, na mafuta yake ni kidogo tu.

Dada, niliyachemsha na kuyakoroga nikingoja yatoe siagi yake, mpaka bega likafa ganzi. Siagi haikutoka hata tone. Unajua kwetu uji usiotoa siagi yake wenyewe ni aibu. Wanaume ishirini walikuwa wanagonga meza. Nikayeyusha siagi ya dukani, ile ya kufungwa kwa karatasi, nikaimwaga juu.

Walisifu, mpaka Asgeir, mzee wa kutoboa miamba, alipolamba kijiko.

"Wewe kijana, siagi hii imetoka kwenye karatasi! Uji wako haujatoa hata jasho!"

Wakacheka hadi wengine wakapaliwa. Halldis hakucheka.

"Ni kweli, Torgils?"

Ningeweza kukana, lakini nilikuwa nimechoka mno hata kusema uongo.

"Ni kweli, mama."

"Basi kesho vaa helmeti yako."

Jiko amepewa Asgeir, maana Halldis anasema aliyeitambua siagi ndiye ajuaye uji. Leo nimeshinda handakini, maji yakinifika vifundoni. Nitajikaza mpaka theluji ianguke, kisha nirudi. Niulizieni kazi yoyote ya kukaa.

Mwambie Mama kwamba jiko nimelikosa. Habari ya siagi usimwambie. Kukosa kazi atanisamehe.

Nisalimie Shemeji Eivind na Mjomba Sjugurd. Mungu aitunze nyumba yetu na wote waliomo.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Torgils