Kle Yenye Kufungwa

Muji wa Baraka, kisha misa

Dada Rosette,

Usilie. Kaka yako ni muntu wa bahati. Kweli, Zuberi, ule tulifungua naye studio ya picha, aliniibia kle USB, ile flash yenye picha zote za ndoa na sauti ya marehemu mama akiimba. Lakini kle yangu nayo inafungwa kwa neno ya siri. Ukikosea mara kumi, inajifuta yenyewe. Na mi niko na kopi.

Zuberi akapiga simu toka Misisi, kule alikimbilia: «Ndugu, nipe ile neno, tugawane, makasiriko iishe.»

Nikajibu polepole: «Andika jina la mama.» Ikakataa. «Basi andika Swima, kwetu.» Ikakataa. Nilimucheza hivyo mara tisa, nacheka mpaka tumbo inauma. Ya kumi nikamupa neno ingine ya uongo, kwa roho nyeupe kabisa.

Halafu akasema: «Wilfried, humu hamuna kitu tena.»

«Ile nilikuwa nangojea, mwizi,» nikamwambia, nikakata simu. Nikacheka tena kidogo, dada, halafu nikakaa chini.

Kopi haiko. Haikukuwa hata siku moja.

Kaka yako,
Wilfried