Blanketi la Harusi Ndani ya Kikapu cha Githeri

Jumapili, Kiamunyi. Jua lilikuwa kali mchana kutwa, sasa upepo umeanza kupuliza vumbi na mimi bado natabasamu kama mjinga.

Shajara yangu, nimeolewa na mwanaume anayepima takataka!

Tangu tuhamie hapa baada ya harusi, tumekuwa tukipima kila kitu ambacho nyumba yetu inatumia na kutupa. Maji tunahesabu kwa mitungi. Takataka Karanja anazitundika kwenye mizani ya viazi aliyotoka nayo kwao Dundori, halafu anasoma kilo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Mimi nashangilia. Majirani wanadhani tuna wazimu.

Kilichotuaibisha ni makaa. Kupika githeri, yaani mahindi na maharagwe, mara moja tu kulikuwa kunameza karibu mkebe mzima, na kila nilipochochea jiko nilifikiria miti.

Ndiyo maana nikatengeneza kikapu cha kupikia. Unachemsha chakula kwa muda mfupi tu, unakitia pamoja na sufuria yake ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa, unafunika, na joto linamalizia kazi lenyewe.

Leo mama yake Karanja alikuwa anakuja kula chakula changu kwa mara ya kwanza. Nilitaka sana anipende. Nilitaka pia githeri iive bila moto. Vyote viwili, siku moja!

Lakini asubuhi vitambaa havikutosha. Joto lilikuwa linatoroka pembeni, na saa ya kanisa imefika. Nikaangalia huku na huku, nikaona kitu kimoja tu kizito.

Blanketi la Mum, huyo huyo mama mkwe wangu.

Lile alilotufunika nalo mabegani siku ya harusi, mbele ya watu wote, akina mama wakipiga vigelegele.

Nikajiambia nitalitoa kabla hajafika. Tuliporudi kutoka kanisani, tukamkuta amesimama mlangoni.

Aliingia moja kwa moja hadi jikoni, akagusa jiko.

"Na hili jiko ni baridi! Kwani leo mnanilisha upepo?"

"Mathe, chakula kiko kwa kikapu," Karanja akasema kwa maringo, na kabla sijamfinya, akafunua.

Nilitamani sakafu ipasuke. Blanketi lilikuwa limekumbatia sufuria, na masizi yamechora duara jeusi katikati ya maua yake.

"Hii si ile niliwafunika nayo?"

"Ndiyo yenyewe, Mum. Nisamehe."

Akainua kifuniko, mvuke ukampiga usoni. Akachukua punje ya mahindi, akaibonyeza kwa vidole, akaila. Akala nyingine. Akachukua maharagwe. Karanja na mimi tulikuwa tumeshikana mikono kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Imeiva," akasema. Kisha akaangalia dari, akaangalia ukuta. "Na moshi je?"

"Hakuna moshi, Mum."

Jiko lake la kuni kule Dundori humtoa machozi kila siku. Ghafla akacheka mpaka akashika meza.

"Mimi nikadhani nimenunulia watu blanketi, kumbe nimenunulia githeri! Sasa sikia, msichana wangu. Mimi nataka kikapu kama hiki. Na hii blanketi uioshe irudi kitandani. Iko na kazi ingine."

Karanja akakohoa. Mimi nikajifanya natafuta sahani.

Msichana wangu. Umesikia, shajara? Msichana wangu!

Alipoondoka tulipima makaa yaliyobaki. Mkebe ulikuwa bado umejaa zaidi ya nusu, na Karanja akanizungusha jikoni mpaka nikapoteza kiatu.

Kesho naanza kushona kikapu cha Mum, na mashati ya zamani ya Karanja yajiandae. Duara la masizi halikutoka lote nilipofua, na nimeamua kulipenda hivyo hivyo. Blanketi bado linachuruzika maji kwenye kamba. Usiku wa leo utakuwa na baridi hapa Kiamunyi, na wala sijali.