Mukono Juu, Mukono Chini

Bunia, 3 juin 2024

Baba yangu mupenzi,

Salamu mingi kutoka kwetu. Afya yako iko namna gani? Magoti inakuachilia kulala? Siye hapa tuko salama. Mama anafunga duka yake ya vitambaa saa kumi na moja, anarudi anaimba mu njia yote, njo alama kama moyo yake imetulia. Masomo inaisha mwezi huu. Wanafunzi wangu walisha choka na miye, na miye nilisha choka na wao, lakini tunapendana.

Baba, tangu Pasaka nilikupigia simu mara saba, haukukamata. Noël haukufika. Sitasema mingi juu ya ile. Barua hii nampatia Abdoul, dereva wa camion, juu yeye anapita Nia-Nia kila wiki mbili. Alisema atakupatia mu mukono, mbele ya atelier yako ya kutengeneza radio.

Niko na neno moja ya kuuliza, juu ya basse, ile gitare ya nyuzi nono, na hakuna mutu mwingine wa kuuliza. Wakati ulikuwa unapiga mu orchestre, son, ile sauti yake, ikikataa, ulikuwa unafanya nini?

Nilinunua pédale ya préampli kwa mutu mwenye aliitoa Kampala. Ni sanduku ndogo ya chuma, inakaa chini, kati ya gitare na table ya son. Iko na boutons za kupandisha ao kushusha son ya chini, ya katikati na ya juu, na moja ya kuongeza ukali kidogo, kama ampli ya zamani. Lakini uzuri yake ni hii: ukisha pata son yenye unapenda, unafinya, inaichunga. Kesho unaikanyaga tu na muguu, son inarudi vilevile. Inaweza kuchunga tatu.

Ku nyumba, na casque mu masikio, nilipata son nono kama supu ya mifupa. Siku ya Mungu, ku kanisa, ilikuwa haya. Mabati ilitetemeka. Waimbaji hawakusikia note hata moja, ngurumo tu. Kisha ibada Michel, mukubwa wa korali, aliniita pembeni. Hakukasirika, na ile njo iliniumiza. Alisema: "Angélique, premier septembre korali inatimiza miaka makumi mbili na tano. Wageni watatoka Irumu na Djugu. Kama basse itabakia hivi, Fabrice ataipiga na mukono ya kushoto ku clavier, kinanda yake, na weye utaimba alto."

Miaka sita niko napiga basse, baba. Sitaki kuimba alto.

Mutoto yako,
Angélique


Nia-Nia, 21 juin 2024

Mutoto yangu Angélique,

Nakusalimia, na mama yako pia. Magoti ni magoti. Mvua inanyesha kila siku, watu wa dhahabu wanatoka mu machimbo na radio zenye kujaa maji, basi kazi haikosekani. Kula nakula.

Ile supu yako, imwange. Son yenye kukupendeza ukiwa peke yako inakuwa mwizi kati ya watu, inakamata nafasi ya kila mutu. Ngoma kubwa ya batterie iko kule chini. Clavier iko kule chini. Na weye unaingia na mafuta yako. Shusha bouton ya chini mpaka basse ikonde, mpaka uone haya nayo. Kisha pandisha ya katikati. Katikati njo note inapata jina yake, watu wanajua kama ni do ao ni fa. Ku casque utasema ni mubaya. Acha iwe mubaya ku casque.

Na usipange tena kitu ku nyumba. Nenda ku kanisa, na ampli ya kule, chini ya mabati ya kule.

Juu ya simu, réseau ya hapa haiko muzuri.

Baba yako,
Gustave


Bunia, 8 juillet 2024

Baba,

Shikamoo, na asanti. Natumaini mvua imekuachia nafasi ya kukausha radio za watu. Mama anakuuliza kama bado uko na ile koti ya bluu.

Nilifanya vile ulisema. Mercredi niliomba ufunguo, nikaingia ku kanisa peke yangu, nikashusha ya chini, nikapandisha ya katikati. Kila note ilisimama kama mutu mwenye kuitwa jina. Nilifinya, nikaichunga ku namba moja, nikarudi ku nyumba natembea kama bibi-arusi.

Dimanche watu walijaa, nikakanyaga namba moja, na basse ilipotea. Haikunguruma, haikuharibu, ilipotea tu. Fabrice aliniangalia, nikamuangalia. Bado wiki nane mpaka premier septembre.

Ya pili, baba, na hii nilifikiri mingi mbele ya kuiandika. Abdoul anasema kama réseau ya Nia-Nia ni muzuri, alipigia bibi yake simu mbele ya atelier yako. Na alisema alikusalimia mara tatu kutoka nyuma, weye ukaendelea kuchomea waya yako kama hakuna mutu. Kama unanikasirikia, uniambie. Kama ni juu nilikamata basse yenye uliacha mu chumba, bila kuomba ruhusa, uniambie. Nitairudisha ku ukuta.

Mutoto yako,
Angélique


Nia-Nia, 2 août 2024

Mutoto yangu,

Salamu. Niko muzima. Barua yako ilikaa wiki tatu mu mufuko ya shati yangu. Barabara ilifungwa siku kidogo, lakini ile haikuwa sababu.

Haukunikosea. Ile basse ni yako. Siku nilikusikia unaipiga mara ya kwanza nilitoka inje, mukafikiri kama nilikataa. Nilitoka juu sikutaka muone macho yangu.

Masikio yangu inakufa, Angélique. Si kwa mara moja. Kwanza ndege zilinyamaza, nikafikiri ni watu wanakata miti. Kisha mwanzo wa maneno: mutu akisema "sita" miye nasikia "ita". Miaka mingi nilisimama karibu na cymbale, zile sahani za batterie, kila samedi, na leo nalipa. Simu njo mubaya zaidi, ni kama mutu anasema ndani ya chupa. Noël ya mwisho nilikuwa kwenu, ku meza, mulicheka, na miye nikacheka kisha yenu, bila kujua neno. Nilirudi Nia-Nia nikasema sitafanya ile tena. Mwezi wa tano mutu alirudisha radio, akasema inapiga filimbi. Nilisikiliza, sikusikia filimbi. Nikamwita mwongo mbele ya watu. Hakuwa mwongo.

Sasa unajua. Mwambie mama yako, miye sina nguvu ya kumwandikia.

Juu ya kazi: mwili ya mutu inakunywa son. Kanisa tupu ni pipa, inarudisha kila kitu. Kanisa yenye kujaa ni blanketi. Ile namba moja uliipangia pipa. Inaomba upange wakati watu wako ndani, na mutu mwenye anajua basse asimame nyuma kabisa, kati yao, akuonyeshe. Juu weye, pale mbele, hausikii kile wao wanasikia.

Baba yako,
Gustave


Bunia, 9 août 2024

Baba yangu,

Abdoul anangojea, camion inanguruma, kwa hiyo naandika mbio.

Mama alisoma barua yako mara mbili. Kisha alikaa ku kiti na akasema: "Na miye nilifikiri yuko na mwanamuke mwingine kule." Alilia, akacheka, akaweka maharagi ku moto. Tangu siku ile anasema na miye kwa nguvu, anajizoeza.

Baba, ile son ya chini na ya katikati bado unaisikia. Miye sitafuti kitu ingine. Kuja usimame nyuma. Abdoul anarudi le 15, alikuchungia nafasi mbele, karibu na dirisha.

Mutoto yako,
Angélique


Bunia, 3 septembre 2024

Baba yangu mupenzi,

Ulifika salama? Mugongo haikuuma mu njia? Mama anasema nyumba imekuwa kimya sana, hakuna mutu wa kupigia kelele. Ananituma nikuambie kama siku tano haikutosha.

Nilikuahidi kukuandikia yote ya fête ya korali, lakini kwanza nikuambie kitu cha ile dimanche yako, juu weye haukuona. Ulikuwa umesimama karibu na mulango, unanyanyua mukono ili nipandishe ya katikati, unaushusha polepole ili nipunguze ya chini, na miye nainama ku pédale kisha kila wimbo. Watu wa nyuma hawakujua pédale ni nini. Walifikiri Roho amekushukia. Mama Falone alinyanyua mukono wake kama weye. Jirani yake akanyanyua. Ku wimbo ya tatu banc, benchi muzima ya wamama, ilikuwa inapandisha na kushusha mikono pamoja na weye, na Michel, kule mbele, alifikiri ni yeye anaongoza vizuri leo. Ukikunja ngumi, nafinya, nachunga. Wao pia walikunja ngumi. Nilicheka mpaka nikakosa note mbili. Njo juu ya zile note ulinikasirikia kisha ibada, na sikukuambia sababu juu ulikuwa umeshika mukono ya mama na sikutaka kuharibu.

Sasa fête. Namba moja nilikuwa nayo ya nyimbo za polepole, namba mbili ya nyimbo za kucheza, na ile ya tatu, yenye ulisema niichunge kwa siku watu watapita kipimo, na ukali kidogo na katikati juu zaidi. Wageni walijaa mpaka ku madirisha, wengine walisimama inje. Wimbo ya kwanza nilikanyaga moja, ilitoka vizuri. Wimbo ya pili, ya kucheza, watu wote walisimama mara moja, nikasikia basse inazama, vilevile kama mu juillet. Nikakanyaga tatu.

Baba, ilitoka. Niliona ku mabega ya watu mbele ya kusikia na masikio yangu. Mabega ya banc ya kwanza ilikamata mwendo, ya pili ikakamata, ikaenda vile mpaka inje ku madirisha. Waimbaji walisimama juu yake kama ku sakafu. Fabrice alitoa mukono yake ya kushoto ku clavier, akaiweka mu mufuko, hakuirudisha mpaka mwisho.

Michel alikuja kisha. Hakunisifu mbele ya watu, unamujua. Alisema tu: "Mercredi répétition ni saa kumi. Usichelewe, bassiste." Miaka sita hakunipa ile jina.

Na bassiste mumoja wa Djugu, Antoine, alipiga magoti chini mbele ya pédale, akaomba apige picha ya boutons ili apange yake vile. Nilimwachilia. Lakini nilimuambia: picha haitakusaidia, kanisa yenu haiko kama yetu, tafuta mutu asimame nyuma. Aliuliza ni mutu gani. Nilisema, mutu mwenye anakupenda na mwenye hataogopa kukuambia ni mubaya.

Mutoto yako, bassiste,
Angélique


Nia-Nia, 19 septembre 2024

Mutoto yangu Angélique, na mama yako Camille mwenye anasoma juu ya bega yako,

Nawasalimia wote wawili. Nilifika muzima, na matope mpaka ku kola. Magoti inauma, mugongo inauma, na moyo haiumi.

Barua ya fête niliisoma ku atelier, nikaisoma tena ku nyumba. Nitakuja Noël, na nitasimama pale pale, na nitanyanyua mukono bila sababu, nione kama wale wamama watanyanyua.

Niliwaza mu camion, mbele ya kufika Mambasa. Nilisema: mutoto wangu aliniandikia kama bado nasikia ya chini na ya katikati, akanisimamisha kati ya watu mia tatu. Ya juu hakuitafuta, ni miye tu nilikuwa naificha. Basi nilipofika nilikamata kipande ya ubao, nikaandika na rangi nyekundu: GUSTAVE, FUNDI WA RADIO. HASIKII VIZURI. SIMAMA MBELE YAKE, SEMA POLEPOLE. Nikaipigilia misumari juu ya mulango. Mustari ya pili ilipinda, sikuirudia.

Siku ya kwanza watu walisoma na kupita. Siku ya pili mutu wa ile radio ya filimbi aliingia. Nilimuomba musamaha. Alisema baba yake mwenyewe alikuwa vile, na aliacha radio mbili ingine. Kwa ile son ya juu, yenye sisikii, Grâce wa duka ya mikate, jirani yangu, anasikiliza kila radio mbele niirudishe kwa mwenyewe. Ikipiga filimbi anakunja uso, na miye najua.

Mbele, watu walikuwa wanasema na miye kutoka ku njia, kutoka nyuma, wakiwa juu ya pikipiki, na miye nilikuwa naangalia waya tu. Sasa wanaingia, wanasimama mbele yangu, karibu, wananiangalia mu macho na wanasema polepole. Niko hapa miaka kumi na tisa, Angélique. Sikujua kama watu wa Nia-Nia wako na sura muzuri hivi.

Baba yako,
Gustave