Matroni Yuko Kikosini Kwangu

Mwenzangu, kazi sina. Au ninayo, hata sielewi.

Si unajua leo niliomba ruhusa, nikasema tumbo linanikata? Basi nikajifungia chumbani na ule mchezo wangu wa vita wa mtandaoni, watu sitini kila upande.

Kiongozi wa kikosi chetu akapigwa risasi. Nikamkimbilia kumtibu, nikamwambia kwenye maiki, "Tulia baba, uko mikononi mwa nesi."

Halafu sauti ya mwanamke: "Nesi wa wodi namba nne?"

Matroni. Matroni wetu mwenyewe, yule yule.

Nikaanza, "Matroni, hili tumbo..."

Akanikatiza. "Na mimi nimewaaga kazini kwamba nina kipandauso. Maliza kunifunga bandeji, tukalinde daraja."

Tumelilinda saa mbili nzima. Kesho tuko zamu moja, na sijui nani atatangulia kumpa mwenzake pole.